Spika ndogo za nyumbani: Usikubali lumbesa ya wati

KUANZIA Julai hadi Septemba ndipo fedha huonekana mikononi mwa wakulima wengi wa Nyanda za Juu Kusini. Mahindi yamepukuchuliwa, wanunuzi wanapita vijijini, na wenye nyanya za Ilula au mbao za Mufindi nao hawako nyuma. Ndicho pia kipindi ambacho maduka ya vifaa vya umeme mjini Iringa, kuanzia Kihesa hadi Miyomboni, hutoa spika nje ya mlango na kufungulia muziki tangu asubuhi.

Familia inayotaka kununua muziki wake wa kwanza haifanyi anasa ya kubezwa. Watu wanaofanya kazi ya jembe mwaka mzima wana haki ya kukaa sebuleni jioni wakasikiliza taarifa ya habari na nyimbo wazipendazo kwa sauti safi. Tatizo ni kwamba fedha ya Agosti ina kazi nyingine inayoisubiri Novemba, nayo ni mbegu na mbolea ya kupandia. Si ajabu kuona sabufa iliyoingia nyumbani kwa shangwe baada ya mavuno ikirudishwa sokoni Desemba kwa nusu ya bei, kwa sababu mahindi yanahitaji Urea. Hasara ya namna hiyo ni kubwa kuliko riba ya mikopo mingi.

Kwa hiyo swali la kwanza si aina gani ya spika, bali fedha ipi. Tenga kwanza pembejeo na mahitaji ya shule ya Januari. Kitakachobaki ndicho cha kwenda nacho dukani.

Ukifika dukani, utakutana na namba. "Kaka, hii ni wati elfu tano, ukifungulia hapa utasikika hadi Mkwawa," muuzaji atakwambia huku akikuonyesha karatasi inayong'aa iliyobandikwa mbele ya kasha. Karibu na namba hiyo, kwa maandishi madogo, huwa kuna herufi P.M.P.O. Maana yake ni nguvu ambayo mtambo unadaiwa kuitoa kwa kupepesa jicho tu, na hakuna kanuni moja ya kuipima, hivyo kila kiwanda kinaandika kinavyotaka.

Mkulima wa viazi wa Njombe au Mbeya anaijua vizuri lumbesa. Gunia linashonewa kilemba juu, linaitwa gunia moja, na mkulima analipwa moja. Wati za P.M.P.O. ni lumbesa iliyogeuzwa: kwenye viazi unatoa zaidi ya unacholipwa, kwenye sabufa unalipia zaidi ya unachopewa. Dawa ya yote mawili ni mizani.

Mizani ya redio iko nyuma ya kasha, pale waya wa umeme unapoingilia. Hapo huandikwa volti na kiasi cha umeme kinachotumika, mathalani wati 60. Mtambo unaovuta wati 60 ukutani hauwezi kutoa muziki wa wati elfu tano, kama vile ng'ombe aliyekunywa ndoo moja ya maji asivyoweza kukamuliwa pipa. Sehemu ya hizo 60 hupotea kama joto, ndiyo maana mgongo wa mtambo hupata moto. Mafundi redio wanaifahamu chipu iitwayo TDA2030, ambayo imetumika katika sabufa nyingi za bei nafuu. Chipu moja ya aina hiyo hutoa wati 14 hivi. Hesabu ziko ngapi ndani, utajua umenunua nini. Namba ya kuuliza ni ile yenye herufi RMS, yaani nguvu ambayo mtambo unaweza kuitoa mfululizo.

Habari njema ni kwamba sebule ya kawaida haihitaji wati nyingi. Sikio la binadamu ni bahili: ili lisikie kama sauti imekuwa maradufu, nguvu ya umeme inapaswa kuongezeka kama mara kumi. Katika chumba cha futi 10 kwa 12, usikilizaji wa kawaida hutumia wati chache tu. Wati 15 au 20 za kweli kwa kila spika zinatosha na kubaki.

Wala spika haihitaji kuwa kabati ili iwe nzuri. Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, ambalo Idhaa yake ya Kiswahili ilianza mwaka 1957, lilihitaji katika miaka ya 1970 spika ya kuwekwa ndani ya magari ya kurushia matangazo nje ya studio. Wahandisi wake walibuni LS3/5A, kisanduku chenye kimo cha sentimita 30 tu, ambacho mpaka leo kinatafutwa na wapenda muziki duniani. Kilichowapa sifa ni usafi wa sauti ya mtu anayezungumza. Ngurumo nzito ya chini hakina, kwani kisanduku kidogo hakiwezi kusukuma hewa nyingi.

Hapo ndipo penye uamuzi. Sabufa yenye vispika viwili inatoa ngurumo, na kama una saluni au kibanda kinachotaka kuvuta wateja barabarani, inunue. Kwa sebule, maoni yangu ni kwamba jozi ya spika ndogo za mbao, zenye spika ya kati pamoja na ile ndogo ambayo mafundi huiita twita, ikiendeshwa na amplifaya yake ya pembeni, ni uwekezaji bora zaidi. Amplifaya ikiungua, spika zinabaki. Mwaka ujao ukipata fedha, unaboresha kimoja. Sabufa ambayo kila kitu kiko ndani ya kasha moja ikifa ubao wake, mara nyingi unabaki na mapambo. Kwa wapangaji wa Kihesa, wakiwamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Iringa, kuna sababu nyingine: katika nyumba zisizo na dari, ngurumo hupita juu ya ukuta na kumfikia jirani kabla ya wimbo wenyewe.

Tuseme zimebaki Sh300,000. Mimi ningeweka zaidi ya nusu kwenye spika, maana ndizo zinazotoa sauti, na kwenye amplifaya ningetaka sehemu ya flashi na ya simu tu, bila taa za kumetameta.

Jozi nzuri hupatikana pia kwenye mtumba, lakini soma mgongo wa mtambo. Vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hutumia volti 100, na umeme wetu wa volti 230 utavichoma papo hapo bila transfoma. Redio zake pia nyingi huishia karibu na 90 FM, jambo ambalo wenye magari wanalijua. Bonyeza kwa upole ukingo wa mpira au sifongo unaozunguka koni ya spika. Ukiwa umekauka na kumeguka, fundi ana kazi.

Jaribu kwa wimbo unaoujua, ulio kwenye flashi yako mwenyewe, kisha weka kituo cha redio chenye mtu anayesoma habari. Punguza sauti hadi kiwango cha usiku watoto wakiwa wamelala. Kama maneno bado yanasikika wazi, hiyo ni spika. Simamisha muziki, sogeza sikio. Mvumo mzito usiokatika ni dalili ya kasoro katika umeme wa ndani. Dai risiti ya EFD na maandishi ya muda wa dhamana.

Nyumbani, sakafu ya saruji na bati vitarudisha sauti kama kisima. Zulia au mkeka, pazia na makochi husaidia kuliko kuongeza wati. Weka spika juu ya meza, usawa wa masikio ya aliyeketi, na chini yake vipande vya kandambili kuukuu ili meza isitetemeke. Waya mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi. Ukigeuza upande mmoja, koni moja itasukuma wakati nyingine inavuta, na sauti nzito itapotea. Ukishuku, chomoa waya za spika kwenye amplifaya, ziguse kidogo kwenye betri ya volti 1.5: chanya ikiwa kwenye nyekundu, koni husogea mbele.

Mvua za Desemba zikianza kupiga bati hutasikia chochote hata kwa wati elfu tano za kweli. Ukiona wingu la radi, usingoje: zima, chomoa plagi ukutani, na waya wa antena ya nje nao uutoe.