Masikio yakilia, mupiga muziki atafanya nini?

Muziki umezimwa, bafle zimepakiwa, watu wameenda kulala. Lakini mu kichwa ya mupiga gita kuko sauti moja tu inabakia: fiii, kama nyenje wa usiku asiyechoka. Asubui anaamka, sauti iko pale pale. Waganga wanaiita acouphène. Sisi tuseme mulio wa masikio.

Wengine wanasemaka: sikio likilia, kuko mutu anakusengenya. Wengine wanatafuta mulozi. Mara nyingi sababu iko karibu zaidi: makelele ya kazi. Ndani ya sikio kuko vinywele vidogo sana, karibu 15,000 kila upande, vinavyopeleka sauti ku bongo. Makelele makali inaviua, na vikikufa havioti tena. Bongo, ikikosa sauti ile iliyozoea, inajiongezea nguvu, kama mutu anayefungua redio sana juu stesheni imepotea: anasikia paka mukwaruzo.

Shirika la afya duniani, OMS, linasema sauti ya desibeli 80 mutu anaweza kuivumilia saa 40 kwa juma. Ikipanda desibeli 3, muda unagawanyika mara mbili. Ikifika desibeli 100, ni dakika 20 hivi tu kwa juma nzima. Sasa hesabu mwenyewe: mupiga ngoma wa baa ya Makiso ao ya Mangobo anakaa saa ngapi mbele ya bafle, na mashini ya umeme inanguruma nyuma yake? Na ndugu yetu wa karieri, karibu ya motopompe ao ya mashini ya kusaga mawe? Kazi ni mbili, sikio ni lile lile.

Mu London, Christopher Goldscheider alikuwa anapiga viola mu orkestra ya Royal Opera House. Mwaka 2012, siku ya mazoezi, aliwekwa mbele ya wapiga tarumbeta, na sauti ilipita desibeli 130. Sikio lake liliharibika na akaacha kazi ile. Wakubwa walijitetea kwamba makelele ni sehemu ya muziki yenyewe, na kwamba vizibo vya masikio walivigawa. Mwaka 2018 tribinali ilimupa haki, na mwaka 2019 tribinali ya rufaa ikaikubali hukumu ile. Kugawa vizibo peke yake haitoshi. Inafaa kupunguza makelele pale inapotoka.

Hapa kwetu, mupiga muziki analipwa kwa usiku mumoja, bila karatasi. Akikosa usiku, watoto wanakosa chakula. Njo sababu wengi wananyamaza. Lakini kuko mambo inayowezekana bila kuacha kazi. Geuza bafle ziangalie watu, si kichwa chako. Simama mbali na sahani za ngoma. Mazoezi ifanyike kwa sauti ya chini. Toka inje kila mara mapumziko ikifika. Vaa vizibo vya povu vya farmasi. Pamba ya kawaida haizuii kitu kikubwa. Mwanzo utasikia muziki kama iko mbali, kiisha unazoea.

Usiku, kimya kabisa kinafanya mulio ukue. Acha redio kwa sauti ndogo, ao vantilateri. Hakuna kidonge kilichohakikishwa kwamba kinauondoa; ukiuziwa kimoja sokoni, chunga pesa zako. Lakini bongo inaweza kuuzoea, hata usiusikie kila saa.

Chunga dawa pia. Kinini ya malaria inalizaka masikio. Mara nyingi inaisha dawa ikiisha. Usiikatize peke yako, mwambie munganga. Sindano za jentamisini na streptomisini zinaweza kuharibu sikio kwa milele, basi usichomwe ovyo kule karieri. Na usitie mafuta wala kijiti ndani ya sikio.

Kimbia kwa munganga kama sikio limeziba gafula, kama mulio uko upande mumoja tu, kama unapiga pamoja na moyo, kama dunia inazunguka, ao kama usaha unatoka. Kwa sikio lililoziba gafula, usingoje juma: siku za kwanza njo dawa inaweza kusaidia.

Kwa mama na watoto wa nyumba: ugonjwa huu hauonekani. Baba akiuliza mara mbili, ao akikasirika juu ya kelele ya sahani, si kiburi, na si mawazo tu. Mukaribie, sema naye uso kwa uso, polepole. Na kijana akirudi kutoka kwa sono ao kutoka kwa motopompe na kusema masikio yanalia, musicheke. Mulio wa leo unaweza kuisha kesho, lakini sikio limekwisha kutoa onyo. Juma ijayo asirudie pahali pale pale bila vizibo.