Vidonge vya kisukari na mishipa ya moyo

Swali halikatiki: eti vidonge vya kisukari vinaharibu moyo? Wapo waliokwisha kutupa metformin kapuni wakahamia maji ya mlonge, kwa ushauri wa mtu asiyejua hata kupima presha.

Hofu hiyo ina chimbuko. Mwaka 2007 Steven Nissen, daktari wa moyo wa Marekani, na mwenzake Kathy Wolski walijumlisha majaribio ya rosiglitazone, kidonge kimoja cha kisukari, wakakuta hatari ya shambulio la moyo imezidi kwa asilimia 43. Mwaka uliofuata mamlaka ya dawa ya huko ikataka dawa mpya za kisukari zithibitishwe kuwa haziudhuru moyo. Wanaotangaza vumi hawafiki hapa, na hapa ndipo penye habari njema. Mwaka 2015, katika jaribio la wagonjwa 7,020 wa kisukari cha aina ya pili waliokwisha kuwa na maradhi ya moyo au mishipa, empagliflozin, kidonge kingine cha kisukari, ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 38.

Inakuwaje dawa ya kisukari iukinge moyo? Mshipa umetandikwa kwa ndani safu moja tu ya seli. Safu hiyo hutoa naitriki oksaidi, gesi inayolegeza msuli wa mshipa na kuzuia chembe sahani za damu zisishikamane. Sukari ikikaa juu, seli huzalisha kemikali zinazoila gesi hiyo kabla haijafika kwenye msuli. Mshipa hukakamaa, lehemu mbaya hupenya chini ya safu, chembe nyeupe huifuata, huimeza hadi zinatuna mafuta, na njia ya damu huzidi kuwa nyembamba. Metformin, maabara zimeonyesha, huamsha kimeng'enya kinachotengeneza gesi hiyo. Empagliflozin hupitia kwingine kabisa: hufanya figo zitoe sukari na chumvi kwenye mkojo, moyo ukapunguziwa mzigo wa maji. Ndiyo maana katika jaribio lile kulazwa hospitalini kwa sababu ya moyo kushindwa kufanya kazi kulipungua kwa asilimia 35, ilhali mashambulio ya moyo hayakupungua kwa kiwango cha kutegemewa.

Kwa hiyo dawa hazifanani. Muulize daktari ipi inakufaa, naye apime figo, presha na lehemu. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiache insulini hata siku moja. Anayemwambia aiache anamwua. Anayetumia empagliflozin akitapika au kuharisha, aisimamishe kwa muda na amwone daktari siku hiyohiyo.