"Wewe ni nani uulize?" Wanawake, miti na jaa la Dandora

Mwezi uliopita nilikuwa kwa baraza moja la mtaa huku Eastlands. Mada: moshi wa jaa la Dandora. Jirani yetu, mama muuza mboga, akasimama akauliza swali. Mzee mmoja akamkatiza: "Mama, haya ya mazingira waachie wataalamu. Wewe ngoja kikao cha akina mama." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, na aibu ya hiyo ndiyo imenifanya niandike uzi huu.

Fuatilia mjadala wowote wa siasa. Haki za wanawake zinawekwa kando, mazingira kando, halafu zote mbili zinangoja uchumi umalize kuongea. Lakini kwetu hizi harakati zilianza zikiwa kitu kimoja, na zilianza karibu sana na hapa.

Kamukunji, karibu na Gikomba. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, wanawake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake walitembea kutoka KICC hadi hapo wakapanda miti 7. Wazo lilikuwa la Wangari Maathai. (Najua hapa hatutaji wanasiasa. Ubunge ulikuja 2002, mimi naongelea mwanaharakati.) Hiyo ndiyo mbegu ya Green Belt Movement. Na si eti walitaka kupamba mji. Wanawake wa vijijini walilalamika kuni ziko mbali, maji yanapungua, watoto hawali vizuri. Anayetembea kutafuta hizo kuni ni nani? Baadaye kila mche uliomea ulimpa aliyeupanda senti kidogo, pesa yake mwenyewe mkononi.

1989 ikawa siasa kamili. Chama tawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari akaandika barua kila mahali. Bungeni akaitwa kiongozi wa kundi la wanawake walioachika. Rais wa wakati huo akasema mwanamke wa Kiafrika anafaa kuheshimu wanaume na kunyamaza. Green Belt ikafukuzwa kwa ofisi za serikali, kazi ikahamia nyumbani kwake South C.

Sasa sehemu ambayo watu huiruka. Alienda Mahakama Kuu kuzuia ujenzi, kesi ikatupwa kwa sababu hakuonyesha hasara yake binafsi. Yaani bustani ni ya umma, wewe inakuuma wapi? Bungeni alinyamazishwa kwa kuwa mwanamke, kortini kwa kuwa raia wa kawaida tu. Jumba lilikufa baada ya wafadhili wa nje kujitoa. Sheria haikusaidia chochote.

Na bustani hiyo hiyo ndiyo akina mama wa wafungwa wa kisiasa walitumia 1992 kugoma kula. Polisi waliwavamia, wengine wakavua nguo kuwalaani, Wangari akapigwa hadi akazirai.

Katiba ya 2010 ilibadilisha swali la korti. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinasema huhitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu ameumia ndipo ushtaki. Phyllis Omido wa Mombasa aligundua mtoto wake ana sumu ya madini ya risasi, kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu huko Owino Uhuru. Akapambana miaka na miaka. 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi huo.

Tukirudi Dandora: jaa lilitangazwa limejaa 2001. Utafiti wa UNEP wa 2007 ulihusu watoto 328, na nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kinachokubalika. 2021 mahakama iliamuru lihamishwe ndani ya miezi 6. Leo asubuhi nimefungua dirisha nikalifunga tena, nguo za kamba zishanuka moshi.

Kwa hivyo msiniambie Katiba imemaliza kazi. Mlango wa korti ulifunguka, lakini anayetekeleza amri bado anaweza kukaa kimya, na anayeuliza bado anachekwa.

Swali la yule mama, kwa wanaotaka kujua, lilikuwa: "Ile amri ya miezi 6, ni nani alipewa, na tumpate wapi?"

Hajajibiwa. Kama kuna wakili hapa anajua, jibu hapa chini, nitampelekea kesho nikienda kununua sukuma.