Nani Alimwandika Babu Yako?

Mtu akimtafuta Jomo Kenyatta kwa jina hilo katika karatasi za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, atafunga daftari mikono mitupu. Mtoto wa Muigai na Wambui, aliyezaliwa sehemu za Gatundu, aliitwa Kamau. Alipobatizwa na wamisionari wa Kiskoti pale Thogoto, Agosti 1914, akawa Johnstone Kamau. Jina la Kenyatta lilikuja baadaye, kutokana na mkanda wa shanga aliopenda kuuvaa, na Jomo likaongezeka alipochapisha kitabu chake cha Facing Mount Kenya mwaka 1938. Tarehe aliyozaliwa haijulikani hata leo. Wanahistoria hukisia tu, na wengi huangukia miaka ya 1890.

Huyo ni rais wa kwanza wa Kenya. Je, mkulima wa Usambara au mchuuzi wa Bagamoyo aliyefariki miaka ya 1930, mjukuu wake ataanzia wapi?

Wengi hukata tamaa kabla ya kuanza kwa kuamini kwamba mababu zetu hawakuandikwa popote. Si kweli. Waliandikwa, tena mara nyingi, ila kila aliyewaandika alikuwa na haja yake. Serikali ilitaka kodi. Misheni ilitaka waumini. Jeshi lilitaka mabega ya kubebea mizigo. Kadhi alitaka kujua nani mrithi na nani si mrithi. Kwa hiyo mtafutaji hodari haanzi kwa kuuliza jina liko wapi. Huanza kwa kuuliza ni nani aliyekuwa na sababu ya kuliandika.

Na ili ajue hilo, lazima kwanza aketi na wazee.

Hapo ndipo vijana wengi hukosea. Mjukuu anafika na simu mkononi, anaamkia, kisha anauliza: "Bibi, ulizaliwa mwaka gani?" Bibi hajui, anaona haya, mazungumzo yanakufa. Swali lenye tija ni jingine: "Bibi, nzige walipoingia, ulikuwa umeshaanza kuchota maji mwenyewe?" Nzige walizagaa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mtoto aliyekuwa anachota maji wakati huo hakosi kuwa na miaka sita au saba. Kila eneo lina kalenda yake ya namna hiyo. Wagogo wanaikumbuka Mtunya, njaa kali iliyowaangamiza wengi kuelekea mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Wakikuyu wana Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya mwisho wa karne ya 19. Kusini mwa Tanzania watu huhesabu kabla na baada ya Maji Maji, vita vya 1905 hadi 1907. Na kwa jamii zenye marika ya jando, jina la rika peke yake laweza kumweka mzee ndani ya miaka michache.

Kiswahili chenyewe kinampa mtafutaji ngazi za kuhesabia vizazi: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Aziandike pembeni mwa daftari, kila ngazi na majina yake, na asisahau upande wa kike. Wanaume wengi wanaweza kutaja mababu watano wa upande wa baba bila kupumua, lakini ukiwauliza mama yake babu aliitwa nani, wananyamaza. Kwa Waluguru, Wamakonde na Wayao, ambao ukoo wao hupita kwa mama, kuuliza upande wa baba tu ni kuukosa ukoo wenyewe.

Jina nalo ni waraka. Baba yake Mwalimu Nyerere alikuwa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki, na husimuliwa kwamba aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa wakati viwavi vilipovamia mashamba, miaka ya 1860 hivi. Tukio la mashambani limekaa ndani ya jina la familia hadi leo. Wakikuyu, kwa upande wao, humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba na wa pili jina la babu mzaa mama. Anayejua nani alikuwa kifungua mimba anaweza kukisia jina la mtu aliyekufa kabla reli haijafika. Atalihakikisha baadaye, lakini ana pa kuanzia.

Baada ya wazee, kwa familia nyingi za Kikristo, hatua ya pili ni parokia. Hakuna karatasi iliyojaa habari za mtu wa kawaida kama daftari la ubatizo. La Kikatoliki, kwa kawaida, ni kitabu kikubwa chenye mistari, na kabla ya miaka ya 1960 mengi yaliandikwa kwa Kilatini. Yosefu ni Josephus, Yohana ni Joannes. Mstari mmoja hubeba namba, siku ya ubatizo, jina la mbatizwa, majina ya wazazi, kijiji, msimamizi wa ubatizo na padri. Kisha kuna pembeni mwa ukurasa. Jicho la mgeni huparuka hapo, na ndipo penye hazina: kwa sheria ya Kanisa, kipaimara na ndoa hurudishwa kuandikwa pembeni mwa mstari ule ule wa ubatizo. Mtu aliyebatizwa Kilema akaoa kwingine miaka 20 baadaye, habari ya ndoa yake inatakiwa iwe imerudi Kilema.

Mambo matatu huwapoteza watu mbele ya daftari hilo. La kwanza, siku ya ubatizo si siku ya kuzaliwa. Wamisionari wa Afrika, wale mapadri wanaoitwa White Fathers, walimtaka mtu mzima apitie ukatekumeni, yaani mafunzo ya kabla ya ubatizo, wa miaka minne, hivyo aliyebatizwa 1910 angeweza kuwa baba wa watoto watatu. La pili, parokia huzaa parokia. Kigango cha zamani leo ni parokia kamili yenye ofisi yake, lakini madaftari ya kale hubaki kwa parokia mama. La tatu ni wasimamizi. Msimamizi wa ubatizo hakuokotwa njiani. Mara nyingi alikuwa mjomba, jirani au katekista aliyemfundisha, na mstari wake mwenyewe, kurasa chache nyuma, waweza kumfungua ndugu aliyesahaulika.

Misheni hazikuacha madaftari tu. Vituo vya White Fathers, kama Bukumbi karibu na Mwanza kilichoanza 1883, viliagizwa kuandika shajara ya kila siku: nani kafika, nani anaumwa, nani kagombana na mtemi. Kumbukumbu za shirika hilo zipo Roma. Za CMS, misheni ya Kianglikana iliyoanzisha Freretown kule Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa, zipo Chuo Kikuu cha Birmingham. Za UMCA, misheni nyingine ya Kianglikana iliyokuwa Zanzibar, Magila na Masasi, zipo Oxford. Si lazima kupanda ndege: barua pepe yenye jina, mahali na mwaka wa kukisia husomwa na kujibiwa, mradi swali liwe dogo na la wazi.

Upande wa serikali, Tanzania ina Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, na Zanzibar ina hifadhi yake Kilimani. Kenya imeweka zake katikati ya Nairobi, kwenye jengo la Moi Avenue lililokuwa benki. Mafaili ya serikali kwa kawaida hufunguliwa yakishapita miaka 30. Humo mna kesi za mabaraza, barua za majumbe, maombi ya ardhi na malalamiko ya kodi.

Mafaili ya wakati wa Mjerumani yana mtihani wake. Karani Mjerumani aliandika alivyosikia, kwa herufi za kwao: Juma akawa Dschuma, Moshi ikawa Moschi, Mwanza ikawa Muansa. Anayetafuta Wachagga asishangae kukuta Dschagga. Mahali napo palibatizwa upya. Lushoto iliitwa Wilhelmstal, Tukuyu ilikuwa Neu-Langenburg, na Kasanga ya Ziwa Tanganyika iliitwa Bismarckburg. Kwa Waingereza, Murang'a ilikuwa Fort Hall na Kisumu iliitwa Port Florence. Mtu anayeandika jina la babu kwa tahajia moja tu ya leo amejifungia mlango mwenyewe. Aandike namna tano au sita za kulitamka, kisha atafute zote.

Pwani, karatasi ni nyingi zaidi na za kale zaidi: hati za wakfu, mirathi mbele ya kadhi, mauzo ya mashamba ya minazi na mikarafuu. Nyingi zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu na mwaka wa Hijria, ambao ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kumi na moja hivi. Mwaka 1314 wa Hijria, kwa mfano, ulianza Juni 1896 na kwisha katikati ya 1897. Hati ya mirathi ni tamu kwa mtafutaji, maana sheria inamlazimu kadhi kutaja warithi wote, wake na mabinti wakiwemo.

Ndani ya mwaka huo wa 1314, Aprili 1897, utumwa ulipoteza uhalali wa kisheria Zanzibar. Pwani ya Kenya ilifuata mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922. Zanzibar na Kenya wenye watumwa walilipwa fidia, na kwa sababu ya fidia hiyo walioachwa huru waliandikwa. Ni jambo chungu: mtu aliandikwa si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya fedha za bwana wake. Hata hivyo mstari huo waweza kuwa wa pekee uliobaki. Usomwe kwa uangalifu. Mabruki, Feruzi na Baraka yalikuwa majina ya kupewa; jina linalofuata laweza kuwa la bwana, si la baba. "Mnyasa" au "Mmanyema" ilimaanisha upande alikotoka mtu, na ndani yake mna makabila mengi. Na nyumbani, swali hili laweza kuchoma. Wapo wazee waliojengea familia zao heshima kwa kunyamaza, na mjukuu hana haki ya kuwavua heshima hiyo mbele ya wageni. Aulize faraghani, na akikataliwa, akubali.

Kuna waliopotea kabisa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao kutokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Kiingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Inakadiriwa wapagazi hao walifika milioni moja, na waliokufa walizidi 90,000. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa familia hizo kumbukumbu ya mdomo ndiyo faili pekee, na inastahili kuandikwa kwa tarehe, mahali na jina la aliyeisimulia, kama ushahidi wowote ule.

Kwenye intaneti, tovuti ya FamilySearch ni ya bure, na watu wake wamekuwa wakirekodi nasaba za mdomo katika nchi kadhaa za Afrika. Vipimo vya DNA vinaweza kuonyesha nani ni ndugu wa damu. Jina la babu havitaji.

Mzee aliyezaliwa 1938 aliweza kupakatwa na babu aliyezaliwa kabla Mjerumani hajapandisha bendera. Wazee wa umri huo bado wapo nasi, wachache. Wiki hii, kabla ya safari ya parokiani au Upanga, zitolewe zile picha za zamani kabatini, waonyeshwe mmoja mmoja, na kila jina wanalolitaja liandikwe nyuma ya picha. Itumike penseli, kwa sababu wino hupenya na kuharibu sura.