Upasuaji wa Moyo na Madhara ya Ubongo (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza jinsi Daktari John Gibbon, tarehe 6 Mei 1953, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, alivyoiachia mashine kazi ya moyo na mapafu ya binti wa miaka 18 kwa muda wa dakika 26, huku yeye akiziba tundu lililokuwa moyoni mwa binti huyo. Walakini matabibu waliomfuata walitambua ya kuwa wako wagonjwa ambao moyo wao hutengenea barabara, ilhali wenyewe huamka na kiharusi, ama huamka wazima wa viungo lakini wamepungukiwa na kumbukumbu na wepesi wa fikira.

Wengi hudhani lawama yote ni ya mashine, na kweli haikosi sehemu yake, maana damu ipitayo katika mipira ya mashine hiyo huweza kuchukua viputo vya hewa na chembe za mafuta, vikaenda kukwama katika mishipa myembamba ya ubongo. Lakini hatari iliyo kubwa zaidi, kwa rai yangu, imo mwilini mwa mgonjwa mwenyewe. Aota, mshipa mkuu utokao moyoni, kwa mzee aliyeugua shinikizo la damu na kisukari miaka mingi, huwa umefanya ukoko kwa ndani mfano wa bomba la maji ya chumvi. Tabibu aubanapo kwa koleo, na aufunguliapo, ukoko ule huweza kumeguka, na kwa kuwa mishipa iendayo kichwani huchipuka mbele kidogo tu ya hapo, vipande huchukuliwa na damu hadi ubongoni.

Mwaka 2001 Mark Newman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walitangaza habari za wagonjwa 261 waliounganishiwa mishipa ya moyo: asilimia 53 walikuwa wamepungua akili walipotoka hospitali, asilimia 24 baada ya miezi sita, kisha asilimia 42 baada ya miaka mitano. Hesabu hiyo iliwatia watu hofu, hata wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walipowalinganisha waliopasuliwa na wenye maradhi yale yale wasiopasuliwa, wakaona upungufu wa miaka ya baadaye haukutofautiana sana. Basi kumtisha mgonjwa kwa hesabu ile ni kumdhulumu, na kumficha hatari ya kiharusi ni kumdhulumu vilevile. Ana haki ya kumwuliza tabibu wake iwapo aota itapimwa kwa mawimbi ya sauti kabla ya kubanwa, ili koleo liwekwe mahali pasipo ukoko.

(Itaendelea)