Morris ya Babu na Toyota ya Kazi

Majirani zetu hapa Jinja huitambua asubuhi ya Jumapili kwa mlio wa Morris Minor ya marehemu babu, ambayo hukohoa mara tatu uani kabla ya kukubali kuwaka. Siku nyingine hulala chini ya turubai, nami huenda ofisini kwa Toyota Corolla, gari lisilodai kwangu ila petroli na oili mpya kwa wakati wake.

Babu alikuwa sajini wa polisi. Aliinunua Morris hiyo mwaka 1969 kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akirejea kwao, akaitunza kama alivyotunza viatu vya gwaride. Magari ya aina hiyo yalionyeshwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1948, nayo ni kazi ya mhandisi Alec Issigonis, ambaye baadaye alibuni gari la Mini. Husimuliwa kwamba gari la majaribio lilipokaribia kukamilika aliliona jembamba mno, akaamuru lipasuliwe katikati na kupanuliwa kwa inchi nne. Bampa zilikuwa zimekwisha kutengenezwa, hivyo nazo zikakatwa na kuungwa kwa kipande cha chuma. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, uundaji ulipokoma Uingereza, zaidi ya magari milioni 1.6 yalikuwa yametoka.

Ndugu msomaji, gari la namna hii ni kama mzee wa nyumbani: lina miiko yake. Katika Morris, waya chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, ilhali katika magari ya leo ni ule hasi. Anayetaka kuliwasha kwa betri ya Toyota, bodi za magari hayo mawili zikagusana, ataona cheche ambazo hatazisahau. Tena, petroli ya zamani ilikuwa na risasi iliyolinda vikalio vya valvu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006, jambo jema kwa afya ya watoto wetu, lakini mimi ilinibidi kupeleka silinda hedi kwa fundi wa kerezo aweke vikalio vya chuma kigumu.

Mwiko mkubwa kuliko yote ni grisi. Gurudumu la mbele hushikwa na viungo vyenye meno ya kuzunguka kama ya skrubu, navyo visipopata grisi mara kwa mara, meno hayo hulika kimya kimya.

Haya niliyajua, nami nikayapuuza. Mwaka juzi Toyota ilikaa gereji majuma matatu, nikaitumia Morris kila siku, kazini na shuleni, katika mvua na matope. Bomba la grisi lilikuwa limetundikwa ukutani. Jioni moja, nikikata kona kuingia langoni mwetu, gurudumu la kulia lilijikunja chini ya gari na pua ikaanguka ardhini kwa kishindo. Watoto wangu wawili walikuwa nyuma, na kiti cha nyuma hakina mikanda. Tulikuwa tukienda mwendo wa mtu anayetembea, kwa hiyo hawakupata hata mchubuko. Nusu saa kabla ya hapo tulikuwa katika barabara kuu ya Kampala, tukifuatwa na lori la miwa.

Mke wangu hakunigombeza. Alisema tu, "Baba Petero, babu alikuachia gari, hakukuachia ruhusa ya kutuua." Nilitaka kuiuza wiki hiyo hiyo, yeye ndiye aliyekataa, kwa kuwa alimpenda mzee. Tukapatana hivi: Morris isifanye kazi ya Toyota kamwe, watoto wasipande mpaka nyuma pawekwe mikanda, na iwe na daftari lake, lenye shilingi elfu hamsini kwa mwezi, pasiguswe karo wala posho ya nyumbani.

Mikanda imekwisha kuwekwa, na grisi naitia mwenyewe kila mwezi, Petero akinishikia taa. Jumapili iliyopita daftari lilionyesha salio la shilingi elfu tisa, na breki za nyuma zilikuwa zikivuja. Tulikwenda kanisani kwa Toyota.