Aliuawa na nani? Holmes, Bwana Msa na sarufi ya upelelezi

Mjadala huu hauishi miongoni mwa wapenzi wa hadithi za upelelezi: katika visa vyote vilivyoandikwa Uingereza enzi za Malkia Victoria, kilicho bora zaidi ni kipi? Walimu na wanafunzi wa huku kwetu, kuanzia Bungoma hadi Kitale, wameniuliza mara si moja. Si ajabu. Sherlock Holmes amepita mikononi mwa wengi wetu, aghalabu katika vitabu vilivyokwisha kupoteza jalada, na kila aliyemsoma ana chaguo lake.

Leo nitataja langu. Ila kwa kuwa safu hii ni ya lugha, nitatumia mizani ya lugha: ni kisa gani kinachotufundisha kuyatumia maneno kwa uangalifu zaidi tunapousaka ukweli wa jambo?

Kwanza tukubaliane kuhusu istilahi. Kitenzi ‘peleleza’ kimebeba mizigo miwili. Wale watu kumi na wawili ambao Musa aliwatuma Kanaani huitwa wapelelezi, ingawa kazi yao ilikuwa kuichunguza nchi ya wenyewe, kazi ambayo leo tungesema ni ya ‘jasusi’, neno tulilolipata kutoka Kiarabu. Mpelelezi wa hadithi hizi ni mtu mwingine: tendo limeshatendeka, naye anarudi nyuma kumtafuta aliyelitenda. Polisi wa kazi hiyo asiyevaa sare ameitwa ‘askari kanzu’, na mitaani tunamwita ‘kachero’.

Anayefuatiliwa ni ‘mshukiwa’. Ndugu zetu Watanzania hupenda ‘mtuhumiwa’. Akifikishwa kortini na kusomewa mashtaka anakuwa ‘mshtakiwa’. Hawi ‘mhalifu’ mpaka korti iseme. Tazama majina hayo matatu ya kwanza: yote yamejengwa juu ya kauli ya kutendwa. Mshukiwa ni mtu anayeshukiwa, maana yake yuko mwingine anayemshuku. Lugha yenyewe inatuonya kwamba shaka imo kichwani mwa mtu, haijawa hatia ya mwenzake.

Sasa tuwaite washindani.

Wa kwanza ni ‘A Study in Scarlet’ cha Arthur Conan Doyle, kilichotoka 1887, ambacho ndicho kilichomzaa Holmes. Ukutani, karibu na maiti, pameandikwa kwa damu herufi RACHE. Afisa wa polisi anakimbilia kusema kwamba kuna mwanamke aitwaye Rachel, na mwandishi hakuwahi kulimaliza jina. Holmes anamtuliza: hilo ni neno kamili la Kijerumani, maana yake kisasi. Kisha anaongeza kwamba aliyeliandika si Mjerumani, ni mtu aliyejitia Ujerumani ili awapoteze watu njia. Hapo pametamu. Taabu ni kwamba katikati ya kitabu tunatolewa London na kupelekwa Utah, Marekani, kwa sura kadhaa, na fumbo linasinzia.

Wa pili ni ‘A Scandal in Bohemia’, cha 1891. Holmes anapata barua isiyo na sahihi, na kutokana na kitenzi kilichosukumwa hadi mwisho wa sentensi anatambua kuwa mwandishi ni Mjerumani. Huu ni upelelezi wa sarufi tupu. Hebu tuulete nyumbani. Ukiandikiwa barua ya vitisho isiyo na jina, nayo ina ‘kitapu’ na ‘papa’ badala ya ‘kitabu’ na ‘baba’, hutaanzia msako Lamu. Utaanzia huku kwetu Myanga, na mimi nitakuwa miongoni mwa watakaohojiwa. Lakini kumbuka funzo la RACHE: huenda Mlamu mjanja amejitia Ubukusu. Hata hivyo, barua ile ni mlango tu wa kisa. Ndani ya nyumba mna mambo mengine.

Wa tatu ni ‘The Speckled Band’, cha 1892. Mwanamke anakata roho huku akitaja ‘band’ yenye madoadoa. Kwa Kiingereza neno hilo laweza kuwa ukanda au utepe, na laweza pia kuwa genge la watu. Kisa kizima kimeegemea utata huo, na ndiyo maana mtafsiri wa Kiswahili hukuna kichwa: akiandika ‘utepe’, genge limepotea, akiandika ‘genge’, utepe umekwenda. Ili kupata utata wa namna hiyo kwa Kiswahili, marehemu angelazimika kusema, kwa mfano, ‘paa’. Je, ni mnyama wa porini, ni paa la nyumba, au anatuhimiza tupae? Kisa kizuri sana, lakini kimefungwa ndani ya lugha yake.

Wa nne ni ‘The Moonstone’ cha Wilkie Collins, cha 1868, kuhusu almasi kutoka Bara Hindi iliyoibwa usiku katika nyumba ya wakwasi. Kinasimuliwa na watu kadhaa kwa zamu, na kila msimulizi anajianika kwa maneno yake mwenyewe. Kwa ufundi wa sauti za wahusika hakuna anayemfikia Collins hapa. Ila ni kirefu mno. Mwanafunzi wa leo atakiacha kabla almasi haijapatikana.

Chaguo langu ni la tano: ‘Silver Blaze’, kisa kifupi cha Conan Doyle kilichochapishwa Desemba 1892. Farasi wa mashindano ametoweka usiku, na mwalimu wake amekutwa nyikani akiwa maiti. Kijana aliyelinda zizi alilishwa nyama ya kondoo iliyotiwa bizari nyingi ili ladha ya afyuni isisikike, akalala fofofo. Kila mtu anatafuta alama: nyayo, kisu, skafu. Holmes anauliza kuhusu mbwa wa zizini. Anajibiwa kuwa mbwa hakufanya lolote usiku ule. Kwake yeye, hilo ndilo jambo lenyewe. Farasi alitolewa na mtu ambaye mbwa alimjua.

Hapa Kiswahili kinaweza kuifanya kazi hiyo hata kwa makini zaidi. Pima sentensi tatu: ‘mbwa hakubweka’, ‘mbwa hajabweka’, ‘mbwa habweki’. Ya kwanza inafunga mlango: usiku ule ulipita na mbwa alinyamaza. Ya pili inauacha mlango wazi: mpaka sasa kimya, lakini huenda akabweka. Ya tatu inazungumzia desturi: huyu ni mbwa asiyebweka kamwe, na kama ndivyo, kimya chake hakithibitishi chochote! Ukanushi mmoja ni ushahidi, wa pili ni subira, wa tatu ni wasifu wa mbwa. Sasa sikiliza tunavyosema mitaani: ‘jana usiku mbwa hajabweka’. Tunaelewana, ndiyo, lakini shahidi akisema hivyo kortini, wakili hodari atampeleka mbio. Penye ‘jana’, -ku- ndiyo inayotakiwa.

Hatua ya pili ya hoja inadai hali ya masharti: ‘Aliyeingia angalikuwa mgeni, mbwa angalibweka.’ Waalimu wetu walitusisitizia kwamba -nge- iende na -nge-, na -ngali- iende na -ngali-. Wengi tuliichukua kama adhabu ya mtihani. Kumbe ni kiunzi cha kufikiria. Sentensi hiyo inakubali kwamba mbwa hakubweka, kisha inakulazimisha ukubali kwamba aliyeingia hakuwa mgeni. Na hapo utakuwa umefika palepale ambapo wahenga walikuwa wameketi zamani: kikulacho ki nguoni mwako.

Msomaji ataniuliza, mbona nimemwacha ‘The Hound of the Baskervilles’? Jibu la kikarani ni kwamba kilianza kuchapishwa Agosti 1901, naye Victoria alifariki Januari mwaka huohuo. Jibu la dhati ni kwamba nilikuwa nakiwekea mahali pake, kwa sababu kina ndugu yake huku Afrika Mashariki.

Katika kisa hicho ukoo mmoja unaamini kwamba jibwa la kuzimu huwafuata watu wake na kuwaua. Mwaka wa 1960, shirika la East African Literature Bureau lilichapisha ‘Mzimu wa Watu wa Kale’, riwaya ya Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, aliyewahi kuwa bwana afya kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti. Muswada wake ulikuwa umeshinda tuzo ya kwanza katika mashindano ya hadithi ya 1957 na 1958. Humo maiti inakutwa penye mzimu, mahali watu waendapo kutambika. Wengi wako tayari kuamini kwamba wazee wa kale wamekasirika. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, hakubali. Anamtafuta mtu.

Jina lenyewe lina mchezo: Msa ni Musa kama Waunguja wanavyomtamka, na tena M, S na A ni herufi za mwanzo za majina matatu ya mwandishi. Kwamba Bwana Msa na Najum ni jamaa za Holmes na Watson, halina ubishi. Lakini tofauti moja ni kubwa. Katika visa vingi vya Conan Doyle, cha kutisha huletwa Uingereza kutoka ng’ambo, Bara Hindi au visiwa vya mbali, yaani kutoka pande za watu kama sisi. Kwa Bwana Msa, cha kutisha kimo mwetu, na anayekichambua ni mwenzetu, kwa Kiswahili chetu, bila kumcheka anayeamini.

Hapo ndipo sarufi inapogusa maisha. Katika kauli ya kutendwa, Kiswahili kina viti viwili. Kiti cha ‘na’ ni cha mtenda. Kiti cha ‘kwa’ ni cha chombo: ‘aliuawa na fulani kwa kisu’. (Nasema ‘aliuawa’, maana ‘aliuliwa’ ni kauli nyingine: mjane ‘aliuliwa mume’, yaani mumewe aliuawa na hasara ikamfikia yeye.) Tukisema ‘aliuawa’ tu, kiti cha ‘na’ kimebaki kitupu. Upelelezi wote, tangu Holmes hadi Bwana Msa, ni jitihada ya kukijaza kiti hicho kwa jina linaloweza kuthibitishwa.

Nasi tuna njia ya mkato ya kukijaza. Mtu akifariki ghafla, hakosekani wa kusema matangani: ‘Hapa kuna mkono wa mtu.’ Ni maneno ya hatari kwa jinsi yalivyokaa. Yametaja mkono, yametaja mtu, na hayajamtaja yeyote. Kila msikilizaji anajazia jina alilokuwa nalo moyoni, na kabla ya siku ya mazishi bibi mmoja wa kijiji ameshaitwa ‘omulosi’. Tumeruka kutoka kushuku hadi kuhukumu, bila kupitia kituo chochote. Mei 2008, kule Kisii, watu 11, wengi wao wakongwe, waliteketezwa kwa kudaiwa kuwa wachawi. Sentensi kuwahusu ina viti vyote viwili: waliuawa kwa moto, na waliuawa na watu.

Bwana Msa angalikuwapo, angaliuliza maswali madogo ya sarufi. Mkono wa mtu yupi? Kwa chombo gani? Nani alimwona, au ‘inasemekana’ tu? Na ‘inasemekana’ nayo ni neno la kuchungwa, kwa maana ni kitenzi kinachosema bila msemaji.

Kuna wasomi wanaozibagua riwaya za upelelezi kwa kuziita pendwa, kana kwamba kupendwa ni kasoro, na kuziweka chini ya riwaya dhati. Sikubaliani nao. Mwalimu anayetaka darasa lake lielewe tofauti ya ‘hakubweka’ na ‘hajabweka’, au ya ‘na’ na ‘kwa’, hatapata zana bora kuliko maiti moja ya kubuni na washukiwa watano. Awasomee ‘Silver Blaze’ kwa Kiswahili chake mwenyewe, kisha awape ‘Mzimu wa Watu wa Kale’ waende nacho nyumbani. Nami nikishikwa shati nichague kimoja tu cha kuwasomea vijana wa Myanga, nitachukua cha Bwana Msa. Mbwa wa Holmes alimtaja mwizi wa farasi. Mzimu wa Bwana Msa unaweza kumwokoa bibi wa jirani.